Nyama Iliyoshtukia Chumvi

Benchi letu ni ubao wa mti wa mathenge uliolazwa juu ya matairi mawili ya lori, hapa Kakuma mjini, kati ya gereji ya Cheruiyot na laga, ule mto mkavu. Kahawa ni yangu, mimi Wainaina, na tangawizi naiponda mwenyewe, kwa hivyo anayesema nauza maji moto akanywe ya laga. Cheruiyot tunamwita Plagi, kwa sababu pikipiki ikikohoa tu, yeye anasema ni plagi. Ubavuni mwake hukaa Pontien, Mrundi, aliyefundisha sayansi kwao kabla ya kambi ya wakimbizi kumpokea. Huyo ni Profesa: ukimuuliza saa, anaanza kukueleza jua. Wa tatu ni Cornelius wa Bungoma, karani wa maji, shati limepigwa pasi hata kukiwa na joto la kuua, basi tunamwita Afisa. Siku hiyo Afisa alikuja shati likiwa nje, amekumbatia sufuria.

— Ejok, Afisa, nikamsalimu Kiturkana. Sufuria ya nini? Hapa hatupiki.

— Wainaina, hii nyama inatembea.

Plagi akacheka mpaka kahawa ikampalia. Mimi sikucheka. Mama yake Afisa, Mama Nekesa, alikuja kumtembelea wakati wa Pasaka, kiharusi kikampata hapa hapa. Ulimi ulirudi, tena ukarudi na maneno yake makali, lakini mkono na mguu wa kushoto vililala. Nyumba yao ni hiyo ya bati, nyuma ya gereji. Mtu akitoka kule na uso kama ule, humchekelei.

— Hebu kaa, nikamwambia. Anza mwanzo.

— Niliita wamama wa kanisa wamwombee mama. Nakaale, yule mchinjaji Mturkana, akatuchinjia mbuzi pale mlangoni. Nyama imekatwa, iko kwa sinia, mama mmoja akanyunyiza chumvi. Ikaanza kuruka! Vipande vinashtuka-shtuka, macho yangu haya yameona! Wamama wametoka mbio, mwingine ameacha Biblia na kiatu kimoja.

— Ona sasa! Plagi akasema.

— Wanasema ni ishara, kifo kimeshaingia nyumba. Na ndugu yangu mkubwa yuko njiani na gari, ameshapita Lodwar. Anasema huo upande wa kushoto umekufa, mama arudi nyumbani akangojee.

— Angojee nini?

Afisa alikitazama kikombe nilichompa.

— Atanipigia akifika mjini, akasema baadaye. Nimwambie nini? Kama ni ishara, nani mimi nimzuie?

Profesa akavua miwani. Akivua miwani, ongeza maji kwenye birika.

— Si ishara, ndugu yangu. Ni mwili. Mbuzi akichinjwa, seli hazifi zote pamoja. Kila seli ya msuli iko na jiko yake ndogo ndani, na jiko hiyo inabaki na makaa kidogo. Sasa, neva inaamrishaje msuli? Kwa umeme. Na umeme wa mwili unatoka wapi?

— Betri, Plagi akajibu.

— Chumvi! Chumvi ikiingia kwa seli, seli inashtuka, inashtua jirani, jirani anashtua jirani. Hivi nikiinua hiki kikombe, habari imekimbia kutoka kichwa mpaka kidole, na iliyoibeba ni chumvi.

Nilitazama kidole changu. Miaka yote hii kinamimina kahawa, na hakijawahi kunieleza kazi inayopita ndani yake. Wallahi nilisisimka mwili mzima, na mimi si mtu wa kusisimkwa ovyo.

— Basi ni waya, Plagi akasema. Mimi najua waya. Kichwa ni swichi, neva ni waya, mkono ni taa. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu ni nani? Kichwa! Guu la mama halijasikia kichwa, ndiyo limelala.

— Hiyo methali ni ya watoto watukutu, nikamwambia.

— Na damu nzito kuliko maji. Si ndiyo ilikwama kwa ubongo? Ingekuwa maji ingepita.

Profesa akafungua mdomo kumkosoa, akaufunga. Akasema kwamba kwa kweli damu iliyoganda ndiyo hukwama, na ilimuuma sana kumpa Plagi haki.

Plagi kuona amepata moja, akapanda mlima.

— Afisa, tusipoteze wakati. Naleta betri ya pikipiki. Waya moja kwa bega, ingine kwa kidole...

— Plagi!

— Ama chumvi basi! Kama nyama bila kichwa imeruka, mkono uko na mwenyewe utakataa? Tunampaka chumvi mpaka kwapa!

— Mama si nyama choma! nikafoka. Na ukigusa chumvi yangu leo utakunywa kahawa yako Lokichoggio!

Hapo Nakaale akatokea, kisu kwenye kanga, amefuata sufuria yake. Si mtu wa benchi letu. Yeye hununua kahawa akiwa amesimama na kwenda zake. Akatazama nyama, akatutazama sisi.

— Hii ndiyo imekimbiza watu? Nyinyi watu wa Kenya ya huko chini mmezoea nyama imelala kwa buchari siku mbili. Hii ilikuwa mbuzi saa hii tu. Lazima itacheza! Hata moyo, nimetoa nimeshika hivi, bado inapiga.

— Bila mwili? Plagi akauliza, sauti imepungua.

— Inapiga.

— Ni kweli, Profesa akasema polepole. Moyo haungoji amri ya kichwa. Kichwa kinaweza kuuambia kimbia, ama pole pole, lakini kupiga unapiga wenyewe. Hata seli moja ya moyo, ukiiweka peke yake kwa kisahani, inadunda. Ukiweka mbili, kila moja inadunda yake. Zikigusana, zinaanza kudunda pamoja.

Plagi aliweka kiganja kifuani, nami nikaweka changu, tumekaa pale kama watu wanaoimba wimbo wa taifa. Kitu kinapiga humo ndani tangu tumboni mwa mama, umelala, umelewa, unagombana na wateja, na hakijawahi kukuomba hata shukrani. Mungu wangu!

Nakaale akaigeukia nyumba ya bati.

— Huo mkono ya mama. Leo nani ameshika?

Nikamtazama Profesa. Profesa akamtazama Afisa. Afisa akaangalia chini.

— Hospitali walisema tuunyooshe-nyooshe kila siku, akasema. Nilianza. Lakini ulikuwa baridi, Nakaale. Niliogopa. Sasa tunamlisha kwa upande ule mwingine, tunakaa upande ule mwingine.

— Wote?

— Wote.

Nakaale alifuta kisu kwa kanga. Alichukua sufuria yake akaelekea nyumba ya bati, nasi tukamfuata. Afisa alikuwa bado amekumbatia kikombe kitupu, bado kina joto, kwa viganja vyote viwili.

Mama Nekesa alikuwa mkekani, amefumba macho. Afisa alizunguka, akapiga magoti upande wa kushoto. Akaweka kikombe chini, akauchukua ule mkono. Sisi tulibanana mlangoni.

Mama hakufumbua macho.

— Mkono wako ni moto, akasema. Umeshika nini?

Afisa aliuinamia ule mkono.

— Kahawa, mama. Umesikia?

— Kwani mimi ni jiwe? Na yangu iko wapi?

Wote wakanigeukia. Birika nilikuwa nalo, nilitoka nalo bila kujijua. Nikalitikisa, tupu. Tone la mwisho alikuwa amelinywa Plagi akihubiri betri yake. Mimi, mwenye kahawa!

Simu ya Afisa ikalia mfukoni. Aliitoa kwa mkono mmoja, ule mwingine hakuuachilia.

— Ndiyo, kaka. Hapana, usipakie kitu. Mama haendi popote. Anangojea kahawa.

Nikakimbia kuwasha makaa.