Nani Anazima Mashine ya Maabara?

Benchi la kahawa liko mkabala na mlango wa maabara, na ukilikalia ni sharti uwe na maoni. Asiye na maoni akanywe kahawa kwao. Mchana huo Kaidi alikuwa amekaa nchani, simu mkononi, uso umemvimba. Huyu ni fundi wa kompyuta aliyejifundisha mwenyewe, na jina hilo hakupewa bure. Seva ya maabara, ile mashine inayotunza majibu ya wagonjwa, imewekwa sakafuni nyuma ya mlango wa kijichumba kisicho na pa kugeukia, na kila mchana ilikuwa inazimika. Mama Mkuu, mwenye maabara, alimwambia asubuhi: ikizima tena leo, acha funguo mezani uende zako. Kwa kawaida seva hujiandikia kila linaloipata, ila hii waliipanga vibaya waliomtangulia, ikizima inasahau yote. Jana Kaidi kaipanga upya: kila neno liandikwe kwenye diski, na nakala irushwe papo hapo kwenye kompyuta nyingine, na habari ya kuzimika imfikie kwenye simu.

— Mimi nilishasema ni joto, — alianza Kinyozi. — Hata kichwa cha mtu kikikaa juani kinazima. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kimeingiaje hapo? — aliuliza Kaidi.

— Joto kidogo, joto kidogo, mwisho kibaba.

— Joto gani, na mna kiyoyozi? — alidakia Muuza Kahawa, birika mkononi. — Hao ni wenzenu wa maabara ya mtaa wa pili. Wanaizima kwa setilaiti.

— Setilaiti nzima kwa vyumba vitatu? — aliuliza Kinyozi.

— Mdharau mwiba, ndugu yangu. Mwiba ukiwa juu angani utauona?

Simu ya Kaidi ikatetemeka. Akasoma, akainuka ghafla hata benchi likainama na Kinyozi nusura akae chini.

— Imezima.

— Pole, kaka, — alisema Kinyozi. — Kazi zipo tu duniani.

— Pole ya nini? Nimeikamata! Haya ni maneno ya mashine yenyewe: kitufe cha kuwashia kimebonyezwa, mfumo unazimwa. Peleka joto lako kule. Na setilaiti yako. Hiki ni kidole cha mtu.

— Au cha setilaiti, — alisema Muuza Kahawa, lakini kwa sauti ndogo.

Hapo ndipo Mzee Lindo, mlinzi wa maabara, alipotoka mlangoni na kuvuka barabara kufuata kikombe chake, kama afanyavyo kila siku. Wakamsimulia.

— Kidole? — Akapuliza kahawa. — Vijana, chumba kile nakilinda mimi. Mna jini mle. Nikifunga mlango nalisikia linahema, halafu kimya.

— Kinachohema ni feni, mzee wangu.

— Feni ni jina la mjini. Na jini lina vidole, tena virefu. Kikulacho ki nguoni mwako, Kaidi. Umeiombea dua mashine yako?

Kaidi alikuwa na jibu, na halikuwa la adabu. Bahati ya mzee, Mama Mkuu alikuwa keshafika, glavu bado mikononi.

— Kaidi. Imezima.

— Najua, Mama. Mimi sizunguki: kama kosa ni langu, funguo hizi hapa. Lakini soma kwanza.

Akasoma. Akasoma tena. Kisha akamtazama mlinzi aliyekuwa wima na kikombe.

— Mzee Lindo, ukija huku kunywa kahawa, kile kiti chako cha kukunja huwa unakisukumia wapi?

— Mle kijichumbani, nyuma ya mlango. Nakisukuma mpaka kigote. Muuza Kahawa, ambaye ana jawabu la kila kitu mpaka la mvua, akaanza kupangusa birika.

— Twende ukaiwashe, — Mama Mkuu alimwambia Kaidi. — Na hiyo uliyoipanga, ya mashine kujisemea yenyewe, nataka ukaiweke na kwenye tawi letu jipya. Kesho.

Kaidi alivuka barabara katikati, kifua mbele, kama mtu aliyeijenga. Gari likampigia honi. Akaliinulia kiganja lisubiri, nalo likasubiri. Kule benchini hakuna aliyekuwa na maoni. Mzee Lindo alikuwa bado anatafuta jini lake ndani ya kikombe, na kikombe kilikuwa kitupu.