Zambia Ilichagua Shaba

Kijiwe kiko Makambako, ubavuni mwa njia panda, pale malori ya Zambia yanapopumzika kabla ya kuitafuta Tunduma. Kahawa ni ya Feliciana, mama asiye na maneno mengi. Asubuhi hiyo Yoeli alifika na hasira. Viazi vyake vilikuwa bondeni, vimeshavunwa, na njia pekee ya kuvitoa, inayopita shambani kwa kaka yake, Fredy, ilikuwa imepandwa miche ya mipaini. Aliyeipanda ni Fredy mwenyewe, na Fredy huyo alikuwa amekaa kwenye benchi lilelile, akipuliza kahawa. Yoeli akaketi upande wa pili, maana ya nyumbani hayamwagwi barabarani.

— Kamwene, aliwasalimu.

— Kamwene, wakaitikia wote, Fredy akiwemo.

Romanus, aitwaye Profesa kwa sababu ya miwani tu, alikuwa akimtazama dereva wa Zambia aliyeinama kwenye tairi.

— Nawahurumia hawa. Nchi kubwa vile, bahari hata ya kunawia uso hawana.

— Walikuwa nayo, ikakauka, alisema Jofrey, ambaye wanamwita Mizani kwa kupima maneno ya wenzake. Ziwa Tanganyika ndiyo masalia. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

— Samaki anaingiaje hapo?

— Bahari ilikauka hawajaikunja.

— Acha zako. Wazungu walichora ramani mezani, na meza ilikuwa ndogo. Zambia ikabaki katikati.

— Na Kongo je? Mbona ina kimkia kinagusa maji?

— Kongo ililia. Mtoto asiyelia hanyonyeshwi.

— Kwa hiyo Zambia ilikuwa imelala?

— Ilikuwa msibani, alisema Profesa bila aibu. Ndiyo maana ikagawiwa mabaki.

Hapo Fredy akaweka kikombe chini.

— Haikugawiwa mabaki. Zambia ilichagua shaba. Ukichagua shaba, usidai na bahari.

Yoeli akahisi masikio yanawaka moto. Siku ya kugawana shamba la baba, yeye ndiye aliyeng'ang'ania vinyungu, yale matuta ya bondeni yanayozaa hata kiangazi. Sasa hapa inasemwa Zambia au anasemwa yeye?

— Labda Zambia haikujua njia itazibwa, alisema.

— Ingeuliza.

— Ingemwuliza nani, wakati majirani ni ndugu?

— Undugu gani na Msumbiji? akauliza Profesa.

Dereva alikuja akifuta mikono, akaomba kahawa. Kiswahili chake kilikuwa cha barabarani, lakini kilieleweka.

— Nimewasikia. Mimi sijui nani alichora. Nauliza tu: ninyi wenye bahari, mkitufungia njia, mnapata nini?

Profesa akavua miwani. Mizani akamtazama Feliciana, Feliciana akatazama birika. Fredy akamalizia kahawa yake kwa funda moja.

Mama yule aliinamisha birika mpaka tone la mwisho.

— Imeisha.

Wakaanza kuinuka. Fredy alisimama mbele ya Yoeli, mikono kwenye mifuko ya koti, macho yakiwa kwenye lori.

— Mdogo wangu, gari la viazi lina upana gani?

Yoeli, aliyejiandaa kwa ugomvi tangu alfajiri, alikuwa hajaita hata gari.