Kanga Juu ya Gauni la Sherehe

YUSTA: Haloo, Raheli! Umeona kwenye status ninavyokata mauno? Hahaha! Bi harusi mwenyewe alibaki—

MAMA: Siyo Raheli. Ni mimi, nimeazima simu yake.

YUSTA: Mama! Shikamoo.

MAMA: Marahaba. Hujambo?

YUSTA: Sijambo, mimi poa kabisa. Mikumi kumechangamka, mgahawa unajaa, mabasi—

MAMA: Nimeiona hiyo video. Nikamwambia Raheli rudisha tena.

YUSTA: Si nilipendeza?

MAMA: Mbona umefunga kanga kifuani, juu ya gauni la sherehe?

YUSTA: Fasheni hiyo, mama.

MAMA: Yusta.

YUSTA: Haloo? Mtandao unakata—

MAMA: Haukati. Nimepanda mpaka kilimani, kanisani. Maziwa bado yanatoka?

YUSTA: (anavuta kiti) Mtoto wa mteja akilia tu, yanatoka yenyewe. Yanalowesha nguo.

MAMA: Yamevimba? Una homa?

YUSTA: Kidogo. Jana nilitetemeka.

MAMA: Na ukacheza hivyo hivyo! Zahanati je?

YUSTA: Wataniuliza mtoto yuko wapi.

MAMA: Tangu tumzike, umelia?

YUSTA: Mama mkwe kakataza. Eti mtoto wa kwanza haliliwi, kizazi kitafunga. Ananichungulia hata chooni. Basi nacheka. Wateja wanasema dada huyu hana shida duniani.

MAMA: Unamkumbuka Bibiana wa Munisagara? Alipofiwa na mtoto alicheka hivi hivi, watu wakamsifu. Leo hata salamu haitikii. Sikutishi, mwanangu, lakini nimeshaona—

YUSTA: Ngoja, mama mkwe anakuja. Hahaha! Kweli kabisa, shoga! Umeniua!

MAMA: Mimi usinichekee. (upepo) Kaondoka?

YUSTA: Yuko uani.

MAMA: Lile gunia la vitunguu nililompa dereva, limefika?

YUSTA: Liko hapa jikoni.

MAMA: Kesho nakuja, twende zahanati wote. Sasa hivi chukua kisu, kata vitunguu.

YUSTA: Vya nini? Chakula kimeshaiva.

MAMA: Kata tu. Akikuuliza una nini machoni, mwambie vitunguu vya kwetu Lumuma vikali.

YUSTA: Mama...

MAMA: Umeanza?

YUSTA: (kisu kinagonga ubao) Mama, alikuwa na vidole kama vya baba.

MAMA: Najua. Niliviona. Kata, mwanangu, usiharakishe. Siendi popote mpaka salio la Raheli li—