Kasha Tupu Mlangoni kwa Bibi Badra

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya ukoo wa Tsadok nasimama hapa mimi Hodaya, mke wa Elhanan, mjukuu wa marehemu, niwasomee maisha ya bibi yetu, nanyi mnivumilie, maana sijazoea kusema mbele za watu.

Bibi Badra alizaliwa tarehe 14 Machi 1939 mjini Sanaa, Yemeni, binti pekee wa Mzee Shalom Uzeri, mwandishi wa mezuza, ambaye alinakili maneno ya Taurati kwa wino juu ya ngozi, ili yatiwe kwenye kasha na kupigiliwa mwimoni mwa mlango. Mwaka 1949 aliletwa kwa ndege hapa Israeli pamoja na wazazi wake, akasoma miaka mitatu katika kambi ya wahamiaji ya Rosh HaAyin, na kuanzia 1956 hadi 1999 alifua na kupiga pasi mashuka ya hospitali hapa Yerusalemu. Tarehe 12 Agosti 1958 aliolewa na marehemu Yihye Tsadok, wakajaliwa watoto wanne na wajukuu kumi na tisa.

Tarehe 3 Juni 2018 alihamia kwetu, nami nikapigilia kasha zuri la mbao kwenye mlango wa chumba chake, ndani halina kitu, nikisema moyoni kwamba ngozi nitaitia wiki ijayo. Siku hiyohiyo alinyoosha vidole, akaligusa, akavibusu, nikaona haya kulifungua mbele yake, na wiki ikawa mwaka. Wanangu walipomuuliza kwa nini anabusu ubao, alicheka akawaambia, "Nani abusu ubao, enyi watundu? Kasha ni nguo tu. Mungu alisema tuyaandike maneno yake kwenye miimo ya nyumba, kwamba yeye ni mmoja na tumpende kwa moyo wote, basi mkono unagusa ili moyo usisahau." Nilikuwa jikoni nikikatakata vitunguu, na sikutoka.

Julai 2019 figo zake zilianza kushindwa, akaniita, "Hodaya mwanangu, peleka mezuza zote zikaguliwe, huenda kuna herufi imepasuka," kama tufanyavyo ugonjwa unapoingia nyumbani. Nilipeleka tatu, ya kwake nikaiacha, kwa kuogopa mwandishi anayezikagua asije akaikuta tupu, nikarudi nikamwambia zote ni safi. Akasema, "Basi mbovu ni figo zangu tu," akacheka, nami nikacheka naye. Alifariki leo asubuhi, Jumatatu tarehe 4 Novemba 2019, akiwa na miaka themanini, na Elhanan nimemwambia habari ya kasha hilo tukiwa njiani kuja hapa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliotuletea supu kila Ijumaa, na wenzake wa chumba cha kufulia, ambao nawaona pale nyuma.

Bibi, punde watu wa mazishi watakuomba msamaha kwa niaba yetu sote, kama ilivyo desturi, lakini mimi sitaki kujificha ndani ya neno lile "sote". Ulibusu kasha tupu mwaka mzima na zaidi, nami nilijua. Mimi Hodaya nakuomba unisamehe, na najua huwezi tena kunijibu.

Pumzika kwa amani, Bibi Badra.