Kichwa Kimoja, Zamu Moja

Kijiwe chetu ni benchi la mbao lililoegemea ukuta wa kinyozi. Mguu wake mmoja ni mfupi, umetiliwa kipande cha tairi na Fundi Viatu, ambaye meza yake iko hapohapo mlangoni na kwa sababu ya hicho kipande cha tairi anajiona mwenye benchi. Ndani kuna kiti cha kuzungushwa, kioo chenye ufa, na kwenye kona kompyuta ya zamani yenye kisogo kirefu kuliko cha mteja yeyote. Ina mchezo mmoja tu, tunauita Himaya. Unaanza na kijiji, unakikuza kiwe mji, unaongeza miji, unajenga bandari, unatuma majeshi. Ukimaliza zamu yako unabonyeza, kompyuta inacheza ya kwake, kisha inakungoja. Ukaenda msalani, inangoja. Ukaenda kuoa, inangoja. Picha zake ni vijiraba vijiraba tu, askari ukimtazama vibaya utadhani ni mtungi. Na bado kijana mwenye simu ya kisasa, yenye michezo inayotoa moshi na milio, akija hapa kunyolewa hatoki.

Sheria yetu ni fupi: kichwa kimoja, zamu moja. Ukinyolewa unacheza zamu moja, unamwachia atakayenyolewa baada yako. Kwa hiyo himaya ni moja, ile ile tangu duka lifunguliwe, na wafalme ni mtaa mzima. Mkali wao ni mimi, nasema bila aibu. Nanyolewa hata nywele hazijaamua kuota, ili mradi nipate zamu. Shule niliiacha mapema, na nasikia mpaka leo haijapona.

Siku hiyo asubuhi, hata mimi sikuwa na hamu ya kutamba. Shemeji, mke wa kinyozi, alikuwa amesema neno moja tu usiku uliopita: kona ya kompyuta inatakiwa. Mdogo wake ni msusi, anaanza kazi leo, kiti chake kitakaa pale. Mnunuzi wa vyuma chakavu ameshaambiwa apite na mkokoteni. Kinyozi hakubisha. Alitoka na chupa ya kahawa kama kawaida, akatumiminia nusu nusu kama watu waliokuja kutoa pole.

Aliyeumia kuliko sote ni Mlinzi. Alilinda ghala maisha yake yote ya kazi, halafu wakamwambia apumzike. Nyumbani binti yake naye anamwambia apumzike. Kichwani hana unywele hata wa kuazima, lakini kila asubuhi anakuja kunyolewa ndevu, ambazo ukizigawia vidole vya mkono mmoja kuna kidole kitalala njaa. Kinyozi humnyoa kwa heshima zote, na taulo la moto juu. Kisha Mlinzi anakaa kwenye kompyuta, anacheza zamu yake.

— Nisipokuwa na zamu hapa, alisema akiangalia ndani ya kikombe, nitaamka niende wapi?

Mimi majonzi huniwasha mwili.

— Mzee, ulinde mto wako usitoroke kitandani.

Akacheka kidogo, na hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta.

Fundi Viatu akaona nafasi, akalianzisha. Akataka tumweleze kwa nini mchezo mzee namna hii hauchoshi, wakati viatu vipya vinachosha kwa wiki. Kinyozi, mkasi mkononi, alisema ni kwa sababu haukimbizi mtu. Mteja anakukimbiza, umeme unakukimbiza, mwenye chumba anakukimbiza. Himaya inakaa pale, inasema fikiri kwanza. Tukamwitikia, maana kwa mambo ya Himaya kinyozi ndiye mshauri wetu mkuu. Mashine ikiwa utosini mwako atakwambia jeshi lipite wapi na bandari ikae wapi, na ukipuuza unajuta.

— Haukimbizi, lakini haukuachii pia, alisema Fundi Viatu. Unasema nijenge ukuta huu tu nirudi kwenye soli. Na wahenga walishasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ndiyo maana mimi sizibi ufa. Nataka ukuta.

Hilo ni kweli tupu. Himaya yetu ina kuta mpaka pasipo na nyumba. Ziwa letu zima limezungushiwa ukuta, na Fundi Viatu huapa kwamba samaki wa pale ndio salama kuliko wote duniani.

Mlinzi akasema sote tumekosea. Kinachotuweka ni Malkia wa Kaskazini, yule adui anayechezwa na kompyuta. Malkia anatujua. Yeye mwenyewe alipougua homa, Mlinzi alisema, Malkia hakushambulia hata mara moja, alimsikia akikohoa. Na siku aliyostaafishwa, Malkia mwenyewe alituma wajumbe wa amani.

— Adui hana masikio, mzee, alisema Fundi Viatu.

— Kama hana masikio, habari za kustaafishwa kwangu alizisikia na nini?

Hapo nikaona ni wajibu wangu kuwapa ukweli. Nikawaambia Malkia ana macho, na amekiona kichwa changu. Zile meli zote zilizojaa pwani yetu mwezi jana hazikuja kupigana. Ziliona mng'ao zikadhani ni mnara wa taa, na ndani ya meli mlikuwa na washenga. Malkia alikuwa ananiposa, na majuha hawa wakazizamisha.

Fundi Viatu alikuwa bado anatafuta la kunijibu pale msusi alipofika, kiti kichwani, begi la vitana begani, dada yake nyuma yake. Alimwamkia Mlinzi shikamoo, akatusabahi sisi wengine, akaingia. Hakuuliza kona iko wapi. Alisimama mbele ya kompyuta akauliza hiki ni nini. Tukajibu kwa pamoja, hakuna aliyesikika, kwa hiyo nikavuta kifua nikamweleza mimi: himaya, miji, Malkia, na sheria. Kichwa kimoja, zamu moja. Ukinyolewa unacheza.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akamtazama shemeji yake, kinyozi, aliyekuwa ameinamia mkasi anaufuta.

— Na huyu anayewanyoa nyote, yeye hucheza lini?

Mlinzi ndiye aliyesema, taratibu, kama mtu aliyegundua kwamba usiku kucha alilinda mlango wa mbele na wa nyuma uko wazi:

— Kinyozi hajinyoi.

Yeye hunyolewa nyumbani na mkewe, duka likiwa limefungwa. Miaka yote hiyo, kwenye kompyuta yake mwenyewe, hajawahi kucheza hata zamu moja. Tulimwuliza kwa nini hakusema. Akasema sheria aliiweka yeye. Akijipa zamu bila kunyolewa, kesho kila mpita njia atajipa. Nilinyanyua chupa nijifiche nyuma ya kahawa. Ilikuwa imekwisha.

Msusi alitua kiti chake katikati ya chumba, akakung'uta kitambaa.

— Kaa, shemeji.

Akakaa. Mke wa kinyozi alisimama mikono kiunoni, akamwambia mdogo wake asimharibie mumewe kisogo kama alivyomharibia kaka yao. Nywele zilianguka chache tu, lakini kichwa ni kichwa. Kinyozi akapanguswa shingo, akaenda kwenye kompyuta, sote nyuma yake. Mimi nilisubiri vita. Mshauri mkuu, zamu yake ya kwanza, lazima Malkia alie leo.

Kinyozi akamgeukia Mlinzi.

— Unabonyeza wapi?

Nilikuwa na maneno ya kumrushia, mazuri kweli, nikayameza. Mlinzi alivuta kigoda akakaa pembeni yake, akamwonyesha kidole kwa kidole: hapa unasogea, hapa unajenga, hapa unafungua mji. Kinyozi hakuwa na haraka. Alizunguka nchi nzima, mji baada ya mji, akiuliza huu nani alijenga, na Mlinzi akimjibu. Huu ni wa Fundi, siku mkewe alipojifungua. Huu ni wangu, ulinishauri wewe mwenyewe nikiwa na povu kidevuni.

Mkokoteni wa vyuma chakavu ukasimama mlangoni. Mwenye nao akauliza mzigo ni upi.

Msusi alimvuta dada yake kando, lakini chumba ni kidogo, tulisikia. Alisema anayesukwa hukaa kutwa anatazama ukuta, mgongo unamuuma, mdomo unaishiwa maneno. Hiyo kompyuta ipandishwe kwenye rafu, iangaliane na kiti chake. Wateja wake nao wana vichwa.

Shemeji alimtazama mumewe. Kinyozi alikuwa anacheka na Mlinzi kuhusu samaki.

— Chukua lile karai bovu la nyuma, mkewe alimwambia mwenye mkokoteni. Hapa hakuna chuma.

Kinyozi akatumia zamu yake. Hakugusa jeshi. Alibomoa ukuta wa ziwa. Fundi Viatu akaguna kama aliyekanyaga msumari, akasema sasa samaki wale damu yao iko juu ya nani, halafu akamgeukia msusi kujua aliyesukwa kutwa nzima atahesabiwa zamu moja au ngapi. Ubishi ukaanza upya, bila kahawa.

Kinyozi alibonyeza. Malkia akacheza ya kwake, skrini ikabaki inangoja. Kinyozi akainuka, akakung'uta kitambaa mlangoni.

— Nani anafuata?

Mlinzi alijishika kidevu, akaenda kwenye kiti cha kuzungushwa, akakaa.

— Taulo liwe la moto, alisema. Na usiharakishe.