Bi Kalypso Vourtsi na Simu ya Nne

Bi Kalypso Vourtsi amekitumikia Kituo chetu cha Utafiti wa Kamari na Michezo, hapa Volos, kwa miaka thelathini, miezi minane na siku ishirini na saba. Amestaafu Jumapili, tarehe 30 Juni 2024. Wapo waliouliza mtu anastaafuje Jumapili, milango ya ofisi ikiwa imefungwa. Jibu liko mbele, na ndilo lililotufanya wiki hii nzima tupite kwenye korido tukicheka peke yetu kama watu waliopungukiwa na akili.

Aliripoti kazini Jumatatu, tarehe 4 Oktoba 1993, akiwa mpiga chapa. Kituo kilikuwa na vyumba viwili, watafiti watatu na mashine moja ya kamari ya majaribio, iliyofungwa kamba ili wageni wasiichezee. Siku ya tatu Bi Kalypso aliikata kamba, akamwita fundi abadilishe tundu la sarafu, akaijaza maharage. Mpaka leo mashine yetu inalipa maharage, na hakuna aliyewahi kurudi nyumbani analia kwa sababu ya maharage. Mmoja tu aliuliza kama anaweza kuongezewa kitunguu.

Januari 1998 tulipata mkurugenzi mpya, mtu wa kanuni, aliyetamka kwamba ofisi inayochunguza kamari haiwezi kuficha sarafu ndani ya keki ya Mwaka Mpya na kumwita atakayeipata mwenye bahati. Hiyo, alisema, ni bahati nasibu yenye sukari. Kikao kilichukua saa mbili. Kesho yake Bi Kalypso alileta keki ya vipande kumi na vinne, na kila kipande kilikuwa na sarafu yake. Mhasibu alipata bahati na kuvunjika jino kwa wakati mmoja. Mkurugenzi alitafuna, akatafakari, akatangaza kwamba mchezo ambao kila mtu anashinda hauko chini ya mamlaka yetu.

Mwaka 2011 tulianza kuwahoji vijana wanaocheza gemu za vita mtandaoni. Bi Kalypso alisema hawezi kumuuliza mtu habari za chakula ambacho yeye hajakionja, akajisajili. Alicheza dakika ishirini na tano kila siku baada ya chakula cha mchana, saa ya jikoni yenye umbo la nyanya ikiwa mezani. Nyanya ikilia, anazima, hata kama ndiye anayelinda lango na adui yuko mlangoni. Wenzake kumi na mmoja, wasiomjua wala kujuana, walimtukana kwa lugha tano. Tarehe 17 Machi niliandika matusi mawili niliyoyaelewa. Hayafai kuandikwa hapa. Yeye alivua miwani akaipangusa. "Wanangu," alituambia, "mchezo haujui kuaga. Wa kuaga ni wewe." Sentensi hiyo iko ukurasa wa kwanza wa kijitabu chetu cha kucheza kwa kiasi, bila jina lake, kwa sababu alikataa katakata.

Lakini kazi yake kubwa ilikuwa simu. Mwaka 2004 tuliandikisha washiriki 246, watu ambao kamari ilikuwa imewashika koo, ili tuwaulize maswali arobaini na moja kila mwaka kwa miaka ishirini. Utafiti wa namna hii huuawa na jambo moja: watu huhama, hubadili namba, huona haya, hukata simu. Bi Kalypso, aliyekuwa amehamishiwa kitengo hicho, aligundua dawa yake peke yake. Alimpigia kila mshiriki katika siku ya jina lake, yaani sikukuu ya mtakatifu ambaye mtu ameitwa kwa jina lake. Siku hiyo mtu yuko nyumbani, amevaa vizuri, ana peremende mezani, na hakuna Mgiriki, hata awe na roho ya jiwe, anayemkatia simu mtu anayemtakia miaka mingi. Tarehe 6 Desemba, siku ya akina Nikos wetu kumi na wanane, hakunywa hata maji.

Dkt. Myronas Tsakalis, alipokuwa mgeni kazini, alidhani jambo hilo ni rahisi. Tarehe 23 Aprili 2013 aliwapigia akina Yorgos kumi na wanne kuwapongeza, akasahau kwamba tuko ndani ya Kwaresima na kwamba mwaka huo Mtakatifu Yorgos amesogezwa hadi baada ya Pasaka. "Daktari," mmoja alimuuliza, "wewe ulilelewa na mbwa mwitu?" Tarehe 6 Mei Bi Kalypso aliwapigia upya wote kumi na wanne, akaomba radhi kwa niaba ya sayansi, na kumi na watatu wakajibu.

Jambo moja tulimtania nalo miaka yote. Hapa ofisini, mwenye siku ya jina ndiye anayeleta halua. Yeye hakuleta hata mara moja. Kalypso ni jina la kale, la kabla ya kanisa, halina mtakatifu. "Dada Kalypso," Mkurugenzi wetu wa sasa, Dkt. Lefki Drosou, alikuwa akimwambia huku mkono uko kwenye sahani ya mwingine, "mtakatifu wako amekwenda likizo ya miaka mingapi?" Naye hujibu, "Anajenga, dada. Akimaliza atakualika."

Sasa nifike kwenye Jumapili.

Wafadhili wetu waliweka sharti kwa duru hii ya ishirini: majibu ya watu mia mbili, si pungufu, kabla ya tarehe 30 Juni kwisha. Yakipungua, duru haitahesabiwa, na simu ya msaada, ile inayopokea watu waliokwama kwenye kamari kutoka milimani hadi visiwani, itazimwa Desemba. Ijumaa, tarehe 28, tulikuwa na majibu 199.

Aliyebaki alikuwa Namba 88. Jina lake silitaji, kanuni zinanizuia. Yeye mwenyewe ameturuhusu kusimulia mengine yote. Hadi 2018 alikuja kila mwaka kwa miguu yake, na mfuko wa machungwa. Mwaka 2019 akatoweka. Mwezi Mei mwaka huu dada yake alitupatia namba mpya, akasema, "Pigeni, labda ninyi atawasikia." Tulipiga mara tatu. Kila akisikia neno Kituo, anafoka kana kwamba tunauza vifurushi, "Sitaki intaneti, mama!" na kukata. Kanuni zetu zinaruhusu simu nne. Baada ya hapo mtu anaachwa kwa amani yake.

Ijumaa hiyo Dkt. Lefki alikuwa ameinamia meza ya Bi Kalypso kama kuku aliyeona mwewe. "Piga sasa hivi!"

"Jumapili."

"Jumapili ndiyo siku ya mwisho, dada! Asipopokea je? Akikata?"

"Nikipiga leo atakata. Jumapili hatakata."

"Unajuaje wewe?"

"Najua," alisema Bi Kalypso, akaendelea kunoa penseli.

Tulikutana ofisini Jumapili baada ya kanisa: Mkurugenzi, Dkt. Myronas na mimi, kwa sababu mahojiano hurekodiwa mbele ya karani wa masjala. Saa tano na dakika ishirini Bi Kalypso alibonyeza namba, akaweka sauti ya wazi. Simu ilipokewa kabla haijalia mara ya pili.

"Nani?"

Hakutaja Kituo. Alisema, "Miaka mingi, bwana wangu. Afya, furaha, na kila unachokitamani. Hii ni siku yako."

Tulisikia jogoo huko aliko. Dkt. Myronas alikuwa ameacha kupumua, na nilimkanyaga ili aanze tena.

"Mama," ilisema ile sauti, "umejuaje? Mimi sina mtakatifu. Jina langu ni la kipagani. Hata dada yangu husahau."

"Leo ni Watakatifu Wote. Wasio na siku yao, siku yao ni leo. Inahamahama na Pasaka, tena daima ni Jumapili, ndiyo maana watu husahau."

"Ndivyo. Husahau." Akapumua. "Wewe ni yule mama wa maswali. Nimekujua."

"Ni mimi. Ukitaka kukata, kata, sitakupigia tena. Lakini pongezi zangu hazirudishwi."

Hakukata. Alisema, taratibu, kwamba mwaka 2019 alirudia kamari, miezi saba mizima, na kwamba kumwambia daktari angeweza, lakini yule mama wa maswali ndiye aliyemwonea haya. Bi Kalypso alisema, "Mwanangu, aliyeanguka naye anahesabiwa. Tukiwahesabu waliosimama tu, tutakuwa tumewadanganya watakaoanguka kesho." Kisha: "Swali la kwanza. Mara ya mwisho kucheza mchezo wowote?"

"Jana. Tavli, ule mchezo wa dadu na vidonge, na jirani."

"Mliwekeana nini?"

"Atakayeshindwa anafua mazulia ya mwenzake."

"Na?"

"Mama, niko roshanini hapa, mikono yote ina sabuni!"

Maswali arobaini na moja yalichukua saa moja na dakika kumi. Jibu la mia mbili lilisajiliwa saa sita na nusu mchana. Kabla ya kuaga, Namba 88 alisema, "Lakini hujaniambia. Wewe umeikumbukaje siku hii, wakati hakuna anayeikumbuka?"

"Kwa sababu ni yangu pia," alisema Bi Kalypso.

Na yule mtu, mwenye sabuni mikononi, akapiga kelele hadi kipaza sauti kikatetemeka: "Miaka mingi, mama! Miaka mingi!"

Bi Kalypso aliweka simu chini, akafungua mkoba, akatoa boksi la halua. Alisema amekuwa akinunua boksi kila Jumapili ya Watakatifu Wote kwa miaka thelathini na kulila na mume wake, kwa kuwa ofisi ilikuwa imefungwa na hakutaka kumsumbua mtu. Mkurugenzi alilia na kucheka kwa pamoja, halua ikiwa mdomoni, jambo ambalo sipendekezi kitabibu. Sote watatu tuliona aibu, na tulikula boksi zima.

Bi Kalypso, simu ya msaada itaendelea kulia baada ya Desemba, na wote watakaopokelewa watakuwa na deni la shukrani kwako wasilolijua. Sisi tunalijua, na tunakushukuru kwa niaba yao. Mwakani Watakatifu Wote ni tarehe 15 Juni. Imeandikwa kwenye kalenda ya ukutani kwa wino mwekundu, na tumegawana zamu: Mkurugenzi saa tatu asubuhi, Dkt. Myronas saa tatu na nusu, baada ya kuhakikisha tarehe mara mbili. Masjala saa nne kamili. Saa tano na dakika ishirini usimwahidi mtu mwingine. Namba 88 ameiomba.

Maisha yawe mema kwako, na miaka iwe mingi. Kaa karibu na simu.

Stratos Kamberidis
Masjala
Volos, Ijumaa, 5 Julai 2024