Fundi Aliyeshona kwa Kukisia

Dada yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, wa kwanza kati ya watatu. Mimi ninayesoma wasifu huu ni kitinda mimba. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1982, akafundishwa ushonaji na shangazi, na mwaka 1989 akafungua chumba chake cha cherehani nyuma ya kituo cha mabasi. Hakuvumilia vipimo vya kukisia. Ukimwambia, "Kata tu kama la jana," alikurudishia kitambaa chako.

Alifunga ndoa tarehe 9 Desemba 1995, akajaliwa binti mmoja tarehe 2 Juni 2001. Agosti 2005 mume wake alimchukua mtoto kwenda kumsalimia bibi yake nje ya nchi, wiki mbili tu. Hawakurudi.

Dada alifungua kesi Septemba, maana upo mkataba wa nchi na nchi unaosema mtoto aliyechukuliwa hivyo arudishwe upesi. Karani alimuuliza, "Una hakika mtoto mwenyewe anataka kurudi?" Akamjibu, "Ana miaka minne, baba. Hata viatu alikuwa hataki kuvaa."

Upesi wao ulichukua miaka miwili. Kisha mahakama ya kule ikasema mtoto ameshazoea. Waliochelewa ni wao, aliyeshindwa ni yeye. Alikwenda mpaka mahakama ya haki za binadamu, nayo Juni 2017 ikatamka kwamba haki yake ya kuishi na mwanawe ilivunjwa. Mwezi huohuo binti alitimiza miaka kumi na sita, na mkataba huishia hapo. Nimechoka kulieleza jambo hili. Miaka yote hiyo, kila Juni, Dada alimshonea gauni kwa kukisia.

Februari 2024 figo zake zilianza kushindwa. Aprili binti, aliyekuwa ameambiwa kwamba mama alimkataa, aliisoma ile hukumu mwenyewe, akapanda ndege. Alipoingia wodini Dada hakulia. Aliomba tepu, akasema, "Simama wima nikupime." Alikuwa amekosea kwa inchi nne, na kilichomuudhi ni hicho.

Alifariki Jumanne, tarehe 21 Mei 2024, gauni la vipimo hivyo vipya likiwa limebaki upindo tu.

Ameacha wadogo wawili, wanafunzi watatu wa cherehani, na binti mmoja, ambaye kwenye faili la serikali bado ameandikwa "hajulikani alipo". Yuko mstari wa mbele, amevaa gauni lenye pini chini. Linamkaa sawasawa.

Dada yetu apumzike kwa amani.